Je, wajua kwa nini jarida la katuni la senti 12 huipa kampuni ya bima shida kuliko televisheni?

Moto ukiteketeza sebule, televisheni haimsumbui mtu wa bima. Ilinunuliwa lini, kwa bei gani, imetumika miaka mingapi. Toa uchakavu, lipa kilichobaki. Sasa chukua jarida la katuni lililotoka Marekani Agosti 1962, karatasi duni, pini mbili za chuma mgongoni, bei yake ya awali senti 12. Kwa hesabu ileile ya uchakavu, thamani yake leo ingekuwa sifuri. Lakini nakala moja ya jarida hilo, Amazing Fantasy namba 15, ambamo Spider-Man alionekana kwa mara ya kwanza, iliuzwa mnadani Septemba 2021 kwa dola milioni 3.6.

Mwenye nalo atakatiaje bima kitu cha namna hiyo, na likiibiwa atalipwa nini? Wakusanyaji wengi hudhani bima ya nyumba inatosha, kwa kuwa majarida yamo ndani ya nyumba na nyumba ina bima. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Bima ya mali imejengwa juu ya wazo moja la zamani: kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, asipungukiwe wala asipate faida. Kwa kabati na jokofu wazo hilo halina utata. Bima ya kawaida ya nyumba huko Marekani hulipa vitu vya ndani kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Ukiongeza ada kidogo, unalipwa bei ya kununua kingine kipya. Ila kifungu hicho cha “kipya kwa cha zamani” mara nyingi huwa na mstari unaoviacha nje vitu ambavyo umri au historia yake ndiyo inayovipa thamani. Mstari huo una mantiki yake. Jarida jipya la mwaka 1962 halipatikani dukani. Kinachopatikana ni toleo lililochapishwa upya, kwa dola chache tu. Hadithi ni ileile, picha ni zilezile, na mkadiria hasara asiyejua mambo haya anaweza kukuuliza kwa dhati kabisa unalalamikia nini.

Unachokatia bima hapa si hadithi. Ni karatasi yenyewe, nakala ile na si nyingine, na hali iliyomo. Hali ndiyo kila kitu. Mkunjo mmoja kwenye kona ya jalada, kutu kwenye pini, doa la maji lenye ukubwa wa ukucha: kila kimoja huondoa fedha. Nakala ya Spider-Man iliyouzwa dola milioni 3.6 ilikuwa na gredi ya 9.6 kati ya 10. Nakala ya jarida hilohilo iliyochoka na kuchanika huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Mtu akiandika kwenye fomu ya bima “Amazing Fantasy 15, nakala moja”, kwa kweli hajaandika kitu.

Gredi hizo hutolewa na kampuni za kupima hali ya majarida. Inayojulikana zaidi ni CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000. Wapimaji hulikagua jarida, hulipatia alama kati ya 0.5 na 10, kisha hulifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba yake. Jarida likishafungwa humo halisomeki tena, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uchungu kidogo, maana lilichorwa ili lisomwe. Kwa bima, hata hivyo, kasha hilo ni shahidi mzuri. Namba inaonyesha ni nakala ipi, gredi inaonyesha hali yake kabla ya hasara, na bei za minada zinaonyesha gredi hiyo ilikuwa ikiuzwa kiasi gani. Kwa majarida yasiyofungwa, Wamarekani wana kitabu cha bei cha Overstreet, kinachotolewa tangu mwaka 1970, ambacho hutaja bei kwa kufuata hali.

Ndiyo maana bima maalumu za makusanyo zikazuka. Zinagawanyika katika njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye vipeperushi. Njia ya kwanza ni thamani iliyokubaliwa: wewe na kampuni mnaafikiana mapema kwamba jarida hili ni dola kadhaa, kiasi hicho kinaandikwa kwenye mkataba, na likipotea unalipwa hicho bila ubishi. Njia ya pili ni bei ya soko siku ya hasara: kampuni hulipa kile ambacho jarida lingeuzwa wakati huo, ila haivuki kikomo ulichojiwekea. Hapo jukumu la kuthibitisha bei ni lako, na unalibeba wakati nyumba imeshaungua.

Kila njia ina mtego wake. Mwaka 2011, nakala ya Amazing Fantasy 15 yenye gredi ileile ya 9.6 iliuzwa dola milioni 1.1. Miaka kumi baadaye ikawa 3.6. Aliyeafikiana thamani mwaka 2011 kisha akaweka mkataba kabatini alikuwa amekatia bima chini ya theluthi ya mali yake. Soko hushuka pia: majarida mengi yaliyopanda mno wakati wa janga la Uviko-19 yalirudi chini baadaye, na waliokuwa na mikataba ya bei ya soko walikuwa wakilipia kikomo ambacho wasingelipwa chote. Ningekuwa na nakala chache za bei kubwa, ningeziwekea thamani iliyokubaliwa na kuipitia kila mwaka. Yale mengine mamia ya bei ndogo ningeyaweka pamoja chini ya kikomo kimoja. Kampuni nyingi za makusanyo huruhusu mpango huo: kuorodhesha moja moja yale yanayozidi kiasi fulani, na kuyafunika mengine kwa jumla. Ada yake huko Marekani mara nyingi haifiki asilimia moja ya thamani kwa mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mikataba ya bima ilirithi desturi za Waingereza, kuna adhabu nyingine inayowapata wanaotaja thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Tuseme mkusanyo wako una thamani ya shilingi milioni 10 lakini umeukatia bima ya milioni 4. Moto unaunguza majarida ya milioni 2. Wengi hutarajia kulipwa milioni 2 zote, maana ni chini ya kikomo. La. Kampuni husema: umekata bima ya sehemu nne kwa kumi, basi nasi tunalipa sehemu nne kwa kumi ya hasara. Unapata laki nane. Zile sehemu sita kwa kumi zilizobaki ulijikatia bima mwenyewe bila kujua.

Wizi nao una fumbo lake. Mikataba mingi ya bima ya wizi katika eneo letu hulipa pale tu mwizi alipovunja na kuingia kwa nguvu: kufuli limekatwa, grili imepindwa, dirisha limepasuliwa. Mgeni aliyekuja kukutembelea akaondoka na majarida matatu ndani ya begi hakuvunja kitu. Majarida huibiwa hivyo mara nyingi, kwa sababu mwizi wa kawaida hubeba simu na kompyuta na kuliacha sanduku la karatasi. Anayeliiba ni mtu anayejua lina nini. Houston, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka aliyekuwa akishughulikia kesi ya ubadhirifu aliiba baadhi ya majarida ya bei kubwa yaliyokuwa ushahidi katika kesi hiyo, akayauza kwenye maonyesho ya katuni Chicago. Alikamatwa na FBI. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala si “je, mnalipa wizi?” bali “je, mnalipa wizi usio na alama ya kuvunja?” na akisema ndiyo, akuonyeshe mstari.

Halafu kuna yale ambayo karibu hakuna bima inayoyalipa. Majarida ya zamani yalichapishwa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo hubaki na lignini ya mti na asidi. Mwanga, joto na unyevu huifanya iwe ya manjano, kisha kahawia, mwishowe hukatika ukiigusa. Huo ni uchakavu wa polepole, na uchakavu haulipwi. Panya, mende na mchwa kwa kawaida nao hawalipwi, habari mbaya kwa yeyote anayetunza karatasi Mombasa au Tanga. Mafuriko hayamo katika bima ya kawaida ya nyumba huko Marekani. Hununuliwa peke yake. Bima maalumu za makusanyo mara nyingi huyapokea, na kwangu hiyo ni sababu nzito ya kuwa nayo kuliko hofu ya mwizi. Na ukianza kununua na kuuza, bima ya nyumba inaweza kukuhesabu mfanyabiashara na kusema bidhaa za biashara hazimo, au zimo kwa kiasi kidogo tu.

Tuje kwenye kisa ambacho wakusanyaji hukirudia sana, kwa sababu kinaibua swali ambalo wachache hulifikiria wanapotia sahihi. Mwigizaji Nicolas Cage alinunua mwaka 1997 nakala ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ambamo Superman alianza. Bei iliyotajwa ni dola 150,000. Mwaka 2000 iliibiwa nyumbani kwake Los Angeles. Bima ikamlipa. Ilipofika Aprili 2011, nakala hiyo ikapatikana katika ghala la kukodi huko San Fernando Valley, California, na mfanyabiashara aliyehusika katika mauzo ya 1997 akathibitisha kuwa ni ileile. Novemba mwaka huohuo ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.1.

Jarida lililolipwa kisha likapatikana ni la nani? Kanuni ya jumla ni kwamba kampuni ikishakulipa fidia kamili, haki zako juu ya kitu hicho zinahamia kwake. Huwezi kubaki na fedha na jarida pia. Ingekuwa faida, na bima haikuanzishwa kwa ajili hiyo. Baadhi ya mikataba humpa mwenye mali nafasi ya kwanza ya kukirudisha kitu chake kwa kurejesha fidia aliyopokea. Ikiwa kifungu hicho kimo, na bei imepanda mara kumi na zaidi kama ilivyopanda kati ya 1997 na 2011, anayefaidi ni mwenye mali. Kisipokuwamo, kampuni ina kila sababu ya kulipeleka jarida mnadani kwa jina lake. Ni mstari mmoja tu, na ni rahisi kuuliza siku ya kukata bima kuliko siku polisi wanapokupigia simu.

Je, haya yote yanamhusu mtu wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye sanduku la matoleo ya zamani ya Sani, au la Joe, jarida lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst? Yanamhusu, ila kwa ugumu wa aina nyingine. Majarida hayo hayana kitabu cha bei cha kila mwaka wala minada inayotangaza gredi. Mtu wa bima atakaa mbele ya sanduku asijue aandike nini. Bima ya nyumba na vilivyomo kwa kawaida huweka kikomo kwa kitu kimoja ambacho hakikutajwa, kwa hiyo yale unayoyathamini inabidi yatajwe kwa namba ya toleo, mwaka na hali, pamoja na picha za jalada la mbele, la nyuma na mgongo. Weka risiti yoyote uliyonayo, hata ile ya muuza vitabu vya mitumba iliyoandikwa kwa mkono, na nakala za mazungumzo ya simu mlipopatana bei. Orodha hiyo isikae nyumba moja na sanduku. Itume kwa barua pepe au mpe ndugu. Kama unayapeleka majarida kwenye maonyesho, omba yawekwe katika kile kipengele cha mkataba kinachofuata kitu kinakokwenda, na usiyaache ndani ya gari bila mtu. Wakala akikuambia hajawahi kukatia bima karatasi za aina hii, huenda anasema kweli. Mwombe akupeleke kwa dalali wa bima anayeshughulikia michoro na vinyago, kwa sababu huko wameshazoea kuandika thamani ya kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena.