Kamera ya Kutambua Sura Darasani: Ya Kupimwa Kabla Bodi ya Shule Haijatia Sahihi

Mwuzaji wa kamera za kutambua sura akifika shuleni huja na ahadi tatu: rejista itajijaza yenyewe, wanafunzi hewa watakwisha, na mzazi atapata ujumbe kwenye simu mtoto akikosa kufika. Ahadi hizi hazipaswi kupuuzwa. Serikali ya Kenya hutoa fedha za masomo kwa hesabu ya vichwa, na kiwango kilichowekwa kwa shule ya sekondari ni Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo jina la mtoto asiyekuwepo ni pesa za umma zinazopotea. Mzazi wa Kayole au Kawangware anayetoka nyumbani alfajiri naye ana haki ya kutaka kujua kama mwanawe amefika darasani.

Hata hivyo, bodi ya usimamizi inapaswa kujua kifaa hicho hufanya nini hasa, kwa sababu tangazo na kazi yenyewe mara nyingi haviendi pamoja.

Kamera huanza kwa kutafuta sura ndani ya picha. Programu huinyoosha sura hiyo ili macho yakae mstari mmoja, kisha huigeuza kuwa safu ya namba, mara nyingi mia kadhaa, ambazo kwa pamoja huitwa kiolezo. Kiolezo hicho hulinganishwa na vile vilivyohifadhiwa siku mtoto aliposajiliwa. Matokeo huwa alama ya ufanano, si “ndiyo” au “hapana”. Kuna mtu aliyeamua kwamba alama ikivuka kiwango fulani, yaani kizingiti, sura mbili zihesabiwe kuwa za mtu mmoja. Kizingiti kikishushwa, watoto watachanganywa. Kikipandishwa, watoto waliopo watahesabiwa kuwa hawapo. Hakuna kizingiti kinachoondoa makosa yote mawili. Muulize mwuzaji amekiweka wapi na nani mwenye ruhusa ya kukigusa. Akishindwa kujibu, mkutano unaweza kuishia hapo.

Sasa tuingie darasani. Chukua chumba chenye urefu wa mita 8, kamera moja juu ya ubao, yenye upana wa pikseli (nukta za picha) 1920 na lenzi inayoona nyuzi 90 ili ienee chumba kizima. Mtoto wa dawati la mwisho yuko mita 7 kutoka kwenye kamera. Kwa umbali huo lenzi inaona upana wa mita 14, kwa hiyo kila mita inapata pikseli 137. Umbali kati ya macho mawili ya mtoto ni kama sentimita 6. Piga hesabu: sehemu hiyo ya uso inapata pikseli 8. Programu nyingi huhitaji makumi kadhaa ya pikseli hapo ili zifanye kazi vizuri. Hata ukinunua kamera yenye upana wa pikseli 3840, utafikia 16 tu. Ndiyo maana majaribio yanayofanywa ofisini kwa mwalimu mkuu, mtu akiwa amesimama hatua mbili mbele ya kifaa, hayakuambii lolote kuhusu dawati la nyuma.

Mwanga nao ni tatizo jingine. Kamera hupima mwanga wa picha nzima ndipo ichague kiasi cha kuingiza. Dirisha likiwa nyuma ya watoto na jua la asubuhi limeshika, kamera hubana mwanga na nyuso hubaki giza. Katika ngozi nyeusi, alama ndogo za uso ndizo hupotea kwanza. Chumba cha mabati chenye dirisha moja dogo ndicho kibaya zaidi. Kisha huja Julai, baridi ya Nairobi, nusu ya darasa imevaa boshori. Mmoja amenyolewa jana, mwingine sasa anavaa hijabu ambayo hakuwa nayo siku ya kusajiliwa. Halafu watoto hukua. Uso wa mtoto wa miaka 7 hautakuwa vile vile akifika 10, kwa hiyo usajili lazima urudiwe mara kwa mara, na kila marudio yanataka siku nzima ya masomo, mwalimu wa kusimamia na picha mpya za kuhifadhi. Gharama hiyo haionekani kwenye ankara.

Kuhusu usahihi wa “asilimia 99”, darasa la wanafunzi 45 likiitwa majina mara mbili kwa siku, kwa siku tano, hayo ni maitikio 450 kwa wiki. Asilimia 1 ya makosa ni maitikio manne au matano yaliyokosewa kila wiki, katika darasa moja. Kila kosa ni ujumbe kwa mzazi kwamba mtoto hajafika shuleni, mzazi anayeacha kibanda chake sokoni kukimbilia lango la shule, na mwalimu anayelazimika kufungua mfumo na kusahihisha. Kuita majina 45 kwa mdomo huchukua dakika chache tu, na mwalimu anayeita majina humwona pia mtoto aliyekuja amevimba shavu.

Makosa haya hayagawanyiki sawasawa. Mwaka 2019 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za watengenezaji 99. Ilibaini kwamba kosa la kumdhania mtu kuwa mtu mwingine lilikuwa juu zaidi kwa watu wa asili ya Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na kwamba kwa programu nyingi tofauti kati ya makundi ilifika mara 10 hadi 100. Watoto na wazee nao walikosewa zaidi ya watu wa umri wa kati. Mtoto wa Nairobi yuko katika makundi mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja: ni Mwafrika wa Mashariki na ni mtoto. Programu zimeboreka tangu hapo, lakini si zote, na hujui uliyouziwa iko upande gani mpaka uipime kwa sura za watoto wako mwenyewe. Pacha ndio usiseme.

Kuna bidhaa zinazokwenda mbali zaidi na kudai kwamba zinasoma usikivu: nani anafuatilia somo, nani amechoka, nani hana furaha. Hapa hatuoni haja ya kupima faida na hasara. Zikataliwe. Mtoto anayeinama kuandika huhesabiwa kuwa hasikilizi. Asiyeona mbali hukunja uso, na mashine humwona amekasirika. Mapitio makubwa ya utafiti yaliyoongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett mwaka 2019 yalionyesha kwamba mwonekano wa uso hautoshi kumwambia mtu yeyote, sembuse mashine, hisia zilizo ndani. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili bandia ya mwaka 2024, umepiga marufuku kusoma hisia za wanafunzi kwa mashine shuleni, na marufuku hayo yameanza kutumika Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka data ya kibayometriki, yaani vipimo vya mwili kama sura na alama za vidole, katika data nyeti. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na tena data ya mtoto itumike kwa namna inayolinda haki na maslahi yake. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja. Sahihi ya mzazi peke yake haitoshi. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari kwa ulinzi wa data pale ambapo kazi yenyewe ina hatari kubwa kwa haki za watu, na ripoti yake ifike kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza. Kwa lugha ya kalenda ya shule, anayetaka kuanza muhula wa kwanza mwezi Januari awe amepeleka ripoti kufikia mwanzoni mwa Novemba. Shule pia lazima isajiliwe na ofisi ya Kamishna. Msamaha wanaopewa wafanyabiashara wadogo hauzigusi taasisi za elimu.

Asiyeona uzito wa jambo hili akumbuke Septemba 2023, wakati ofisi hiyo ilipoitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliona utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya serikali, kuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari haikufanywa kwanza, na Mei 2025 mahakama hiyo hiyo iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data ya kibayometriki iliyokusanya kwa Wakenya.

Ridhaa ndipo shule nyingi zitakapojikwaa. Nchini Sweden, mwaka 2018, shule ya sekondari katika mji wa Skellefteå ilijaribu kamera hizi kuhesabu mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa majuma machache. Ilikuwa na ridhaa. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya huko iliitoza manispaa faini ya kronor 200,000 ikisema kwamba mwanafunzi yuko chini ya shule, kwa hiyo ridhaa yake haiwezi kuhesabiwa kuwa ya hiari, na kwamba mahudhurio yanaweza kuhesabiwa kwa njia isiyoingilia kiasi hicho. Mahakama ya Marseille nchini Ufaransa ilifuta mpango wa kamera kwenye malango ya shule mbili Februari 2020. Jimbo la New York lilipiga marufuku teknolojia hiyo shuleni Septemba 2023. Hapa kwetu, fomu ya ridhaa ikichomekwa kati ya orodha ya sare na maelezo ya karo siku ya kumwandikisha mtoto, ni mzazi gani atakayethubutu kuiacha tupu? Ridhaa inayostahili jina hilo huwa na karatasi yake, kwa lugha anayoielewa mzazi, na pembeni yake njia nyingine iliyo tayari, kwa mfano kadi au rejista ya kawaida, ambayo mtoto ataitumia bila kupangwa foleni ya peke yake wala kuulizwa kwa nini.

Maoni yetu ni kwamba ndani ya darasa kamera hizi hazihitajiki. Kwa wanafunzi hewa, dawa ni ukaguzi wa ghafla wa vichwa dhidi ya rejista na orodha ya wizara, ukifanywa na mtu asiyefaidika na hesabu hiyo. Mfumo wa sura unaosajiliwa na shule yenyewe unaweza kusajili mtoto wa jirani vile vile. Kwa ujumbe wa mzazi, mwalimu wa zamu akipeleka majina ya waliokosekana ofisini saa mbili na nusu asubuhi, karani anaweza kupiga simu zote kabla ya mapumziko.

Bodi ikiwa bado inataka kujaribu, ijaribu langoni ambako mtu husimama karibu na kifaa. Iendeshe kamera na rejista sambamba kwa wiki mbili, na iandike makosa ya kila aina peke yake: waliokuwepo wasionwe, na waliopewa jina la mwingine. Makosa hayo yagawanywe kwa darasa, jinsia na umri. Katika mkataba ipo mistari minne isiyojadiliwa. Violezo vikae wapi, kwa sababu kupeleka data nyeti nje ya Kenya kunahitaji ridhaa na uthibitisho wa ulinzi wake. Picha za usajili zifutwe lini, maana wauzaji wengi huzihifadhi ili watengeneze violezo vipya programu ikibadilishwa. Mwuzaji asizitumie kufundishia programu yake. Na data ikivuja aiambie shule papo hapo, kwa kuwa shule ina saa 72 tu za kumjulisha Kamishna. PIN ya M-Pesa ikijulikana unaibadilisha. Sura ya mtoto ikivuja ndiyo hiyo hiyo mpaka uzeeni, na watafiti wameshaonyesha kwamba kutoka kwenye kiolezo inawezekana kuunda upya picha inayofanana na mwenyewe.

Mzazi ambaye shule tayari imesajili sura ya mwanawe anaweza kuandika barua kwa mwalimu mkuu akitaka kujua ni data gani inahifadhiwa, wapi, na nani anaiona. Kwa kanuni za mwaka 2021, shule ina siku 7 za kumpa data hiyo na siku 14 za kujibu ombi la kuifuta. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa ofisi ya Kamishna wa Data, nayo sheria inaitaka iyamalize katika siku 90. Na mtoto akihama shule, mzazi aombe pamoja na barua ya kuhama karatasi inayosema kwamba kiolezo, picha na nakala za akiba zimefutwa, kwa tarehe na kwa jina la aliyezifuta.