Usiandike Barua ya Kujiuzulu Wakati wa Kusi

Mchungaji wa Malindi au Lamu akija kwangu na wazo la kuacha huduma, swali langu la kwanza halihusu maombi yake. Namwuliza: huu ni mwezi gani?

Kusi, ule upepo wa kusini wa pwani yetu ya Kenya, ikianza kuvuma, Aprili kuelekea Mei, bahari huchafuka. Ngalawa na mashua ndogo hulala ufukweni siku nyingi, na mvuvi asiyevua hana cha kutia kapuni Jumapili. Masika nayo hunyesha wakati uleule, kwa hiyo waumini wa Jilore, Ganze na Magarini wako shambani. Hoteli za Malindi huwapa wafanyakazi likizo isiyo na mshahara, nyingine hufunga kabisa. Sadaka, mahudhurio na nguvu za mchungaji vyote huanguka pamoja. Naye akitazama viti vitupu huamini kwamba Mungu amemwacha, kumbe ni msimu.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kila Jumapili jioni andika mambo manne: watu waliohudhuria, sadaka iliyohesabiwa, usiku uliokesha wiki hiyo, na matanga au mazishi uliyohudumu. Usilinganishe Mei na Disemba, maana Disemba kanisa hujaa ndugu waliorudi kutoka Mombasa na Nairobi, na Januari hawapo. Linganisha Mei hii na Mei iliyopita. Kama idadi ni ileile, kanisa halijaanguka, ila wewe umechoka. Kama imeshuka misimu miwili mfululizo, basi lipo jambo la kuchunguza, na hapo ita wazee wa kanisa mkae nalo.

Fedha ndipo wengi huumia kimyakimya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Posho inayofuata kapu la wiki humvunja mtu. Jumlisha sadaka za miezi 12, gawa kwa 12, kisha posho ipangwe kwa wastani huo. Kanisa likishindwa kufanya hivyo, mchungaji mwenyewe aweke kando sehemu moja ya tano ya posho yake kuanzia Disemba hadi Machi. Ikiwa posho haibadiliki, miezi minne humpa asilimia 80 ya posho ya mwezi mmoja. Akiigawa Mei na Juni, kila mwezi unapata nyongeza ya asilimia 40. Akiba hiyo ishikwe na mama mchungaji au mhazini, isikae kwenye simu ya mchungaji, kwa sababu kila mwenye shida anajua namba yake.

Anayekosa akiba hukimbilia mkopo wa simu, halafu hukopa kwa muumini ili aulipe ule wa kwanza. Kuanzia siku hiyo humkwepa muumini yule, hamtembelei akiugua, na mahubiri yake hugeuka kuwa ya sadaka kila wiki. Watu huondoka. Yeye husema wito umekwisha, lakini chanzo ni deni. Paulo alishona mahema Korintho, na hakuna aliyemhesabu kuwa nusu mtume. Kuku, minazi michache, kufundisha shule: vyote ni halali, mradi saa za kazi hiyo zijulikane na wazee.

Mwili nao una haki yake. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, hakuletewa hotuba. Alilala, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Kazi mpya alipewa baadaye, kule Horebu. Mchungaji aliyekesha matanga Ijumaa na Jumamosi, kisha akahubiri ibada mbili Jumapili, asipange mkutano wa wazee Jumatatu. Jumatatu ni ya kulala. Zaidi ya makesha mawili kwa wiki, mwinjilisti mwingine ashike zamu.

Kuhusu wapinzani nitasema neno moja tu: usiwajibu mimbarini. Mathayo 18 inaanza na watu wawili peke yao, na mimbari haimo katika utaratibu ule.

Kisiwa cha Lamu kinahitaji kipimo chake. Ni mji wa Waislamu kwa karne nyingi, na Wakristo wengi wa pale ni walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali ambao huhamishwa. Ukihesabu waliobaki, kila mwaka utaona umeshindwa. Hesabu uliowasindikiza hadi gatini na barua ya utambulisho mkononi, wakapokelewa na kanisa kwingine. Na kwa walio Mpeketoni na Hindi, ambako mashambulizi ya Juni na Julai 2014 yaliacha majeraha makubwa, hofu si upungufu wa imani. Maliza ibada mapema, watu wafike nyumbani jua lingalipo.

Yeyote anayepima huduma kwa idadi atazame Rabai, kituo cha kale cha wamisionari karibu na Mombasa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846, akabaki hadi 1875 alipoondoka macho yake yakiwa yamefifia. Waliobatizwa miaka hiyo walikuwa wachache mno. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa.

Sisemi kila mtu abaki. Ugonjwa usioruhusu kazi, ndoa inayobomoka, dhambi inayohitaji nidhamu: hizo ni sababu za kusimama kando, na kuzificha kwa jina la uvumilivu huumiza kanisa zima. Kuhamishwa pia si kuacha wito.

Kwa aliyebaki na shaka, utaratibu ni huu. Andika barua ukitaka, lakini usiitie tarehe. Mpe mtu mmoja aliye nje ya kanisa lako aitunze, na mwambie sababu zako tatu kwa maneno mafupi. Lala, lipa deni dogo kuliko yote, endelea na daftari. Kusi ikitulia na wavuvi wakirudi baharini, Oktoba hivi, keti naye muisome pamoja, daftari likiwa mezani.