Kaushio la sola: acheni kuziba matundu

Wengi wakishatengeneza kaushio la sola, lile sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa nailoni angavu juu, kitu cha kwanza wanaziba matundu eti joto lisitoke. Hapo ndo mboga inapoharibikia. Kinachokausha sio joto peke yake jamani, ni hewa inayopita. Inaingia kwa tundu la chini, inapata moto, inapanda inapenya kwenye trei ikibeba maji ya mboga na kutokea juu upande wa nyuma, sasa ukiziba hayo maji yaende wapi? Ukichungulia unakuta nailoni ina matone kwa ndani, mboga imelegea kama imepikwa, na ukungu hauko mbali. Weka wavu tu kwenye matundu, inzi wasiingie.

Mboga za majani mbichi karibu asilimia 90 ni maji kwahiyo usishangae kilo 10 zikitoka kama kilo 1. Osha, toa vikonyo vigumu, chovya kwenye maji yanayochemka dakika 1 au 2, opoa tumbukiza maji baridi, chuja. Hatua hii watu wanairuka kwa uvivu (hata mi nishawahi) ila ndo inayozima vimeng'enya, vitu vya asili ndani ya mboga ambavyo vingeendelea kula rangi na vitamini. Karoti kata milimita 3 hivi na vipande vilingane.

Tandaza tabaka moja, usirundike. Wavu wa trei uwe wa plastiki ya kuwekea chakula, ule wa chuma cha mabati hapana, zinki yake inaingiliana na asidi ya nyanya. Joto la nyuzi 50 hadi 60 linatosha, likizidi sana kipande kinafanya ngozi ngumu juu huku ndani kibichi bado. Na majani yatilie kivuli, hata kitambaa cheusi, maana jua likiyapiga moja kwa moja linaua karotini (ile ambayo mwili huigeuza vitamini A) pamoja na rangi ya kijani, ndo maana yanapauka.

Jani lililokauka ukilifikicha linasagika, karoti ukiipinda inakatika ta! Acha ipoe ndo ufunge. Mimi huwa najaza kwanza kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko naiacha mpaka kesho yake, nikiona hata tone moja ndani narudisha zote kwenye trei.