Mechi ya kombe nyumbani: anza na jua, hema baadaye

Droo ya Uganda Cup ikitoka tu, na klabu ndogo ya huku kwetu ikapewa timu ya Ligi Kuu nyumbani, simu yangu hailali. Mimi kazi yangu ni kuandaa mechi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nilianza na klabu yetu ya ligi ya mkoa hapa nje kidogo ya Arua na saa hii klabu zingine pia zinaniita, na kila mara maswali ya kwanza ni yaleyale: hema tutakodi wapi, mgeni rasmi awe nani, viti vya wageni viwe vingapi, spika za muziki tutapata kwa nani. Sijawahi kusikia mtu akianza kwa kuuliza, hivi lile goli letu la upande wa barabara, jua linampiga kipa machoni saa ngapi?

Na ndo hapo nataka tuelewane watu wangu. Klabu ndogo haiwezi kuizidi kubwa kwa mishahara, wala kwa benchi, wala kwa daktari, wala kwa basi lenye AC. Kitu ulichonacho wewe na yeye hana ni kwamba huo uwanja unaujua na yeye haujui, basi. Kwa hiyo kila shilingi na kila saa unayotumia zile wiki mbili kabla ya mechi, jiulize kama inakuongezea huo ujuzi au inaufuta.

Hili kombe ni la zamani, lilianza 1971 likiitwa Kakungulu Cup, kwa jina la Mwanamfalme Badru Kakungulu, na bingwa wake anaenda Kombe la Shirikisho la CAF, yaani klabu ya ligi ya mkoa, yenye wachezaji wanaoendesha boda asubuhi, ikishinda mechi zake zote inapanda ndege kwenda kucheza Afrika. Sisi wa West Nile hatuhitaji kusimuliwa kwamba inawezekana kufika mbali. Onduparaka ya hapa Arua mwaka 2016 walifika fainali wakiwa bado Big League, yaani daraja la pili chini ya Ligi Kuu, wakafungwa na Vipers. Mwaka uliofuata Paidha Black Angels, nao wa Big League, wakafika fainali dhidi ya KCCA na fainali yenyewe ikachezwa Green Light hapa Arua, nilikuwepo, watu walikuwa wametoka Zombo, Nebbi, Koboko, wengine juu ya lori. KCCA walichukua kombe lakini hakuna aliyetoka pale akiona aibu.

Sasa sisi. Droo ilitupa timu kubwa ya Kampala, sitaitaja, na siku ileile kamati yetu ikagawanyika. Nusu walitaka mechi tuihamishe uwanja mkubwa wa mjini kwa sababu ya mapato ya mlangoni, maana uwanja wetu hauna jukwaa, una mteremko wa nyasi upande mmoja tu na miembe upande wa pili. Hoja yao siidharau, klabu ilikuwa na deni la jezi na la usafiri wa msimu mzima na ile ilikuwa nafasi ya kulilipa kwa siku moja. Mzee wetu mmoja, mtunza hazina, alisimama akasema, "Mwanangu, hizo sifa za uwanja wetu hazilipi deni."

Nilimjibu hivi, kwa heshima. Mzee, tukihamia mjini tunaenda kwenye nyasi nzuri zilizosawazishwa, mpira unateleza vizuri, wale wanafurahi kama wako Kitende kwa Vipers au Lugogo kwa KCCA, na sisi tunakuwa wageni kwenye mechi yetu wenyewe. Nikampa mfano wa Marine, klabu iliyokuwa daraja la nane kule Uingereza, Januari 2021 kwenye Kombe la FA waliletewa Tottenham ya Mourinho kwenye kiwanja kidogo ambacho ua wa nyumba za watu unapakana na mstari. Ilikuwa wakati wa korona, mashabiki hawaruhusiwi kuingia, wakaamua kuuza tiketi za mtandaoni kwa pauni 10, tiketi ambazo hazikuingizi popote, wakauza zaidi ya 30,000. Walifungwa 5-0 ndiyo, lakini walibaki nyumbani na pesa ikaja. Basi na sisi tukafanya hivo kwa kiasi chetu, tukauza tiketi za mchango kwa watu wetu walioko Kampala, Juba, hata Kenya, wakatuma pesa kwa simu. Lile deni la jezi lilikwisha kabla ya mechi kuanza. Mzee alikuja mwenyewe kunishika mkono.

Haya, turudi kwenye jua, maana hapa ndo utamu wenyewe.

Uwanja wa mpira inafaa ulale kaskazini kwa kusini ili jua la jioni liwapige wachezaji ubavuni. Viwanja vingi vya vijiji vililala vilivyolala kwa sababu ndivyo ardhi ilivyopatikana, wetu umelala mashariki kwa magharibi. Mechi zetu zinaanza saa kumi jioni. Kipindi cha kwanza jua bado liko juu, halimsumbui mtu sana, ila kipindi cha pili kinaanza kama saa kumi na moja na dakika chache na kuanzia hapo jua linashuka, mpaka saa kumi na moja na nusu kipa aliyesimama goli la mashariki akiangalia magharibi anaona mpira wa chini vizuri tu, lakini wa juu unamjia kutoka ndani ya moto.

Kwa hiyo unataka kipa wao awe goli la mashariki kipindi cha pili. Maana yake wewe kipindi cha kwanza ushambulie goli la magharibi. Sheria inasema anayeshinda ile shilingi refa anayorusha anachagua, ama goli la kushambulia ama kuanza na mpira, na anayeshindwa anapata kile kilichobaki, na ukweli ni kwamba manahodha wengi wa timu kubwa wakija ugenini wanachagua mpira bila kufikiria. Nahodha wetu alikuwa akicheza miaka sita kwenye kiwanja hiki na hakuwahi kuambiwa hili! Alikuwa anachagua upande ule mama yake anasimama. Nilimpeleka mimi mwenyewe saa kumi na moja na nusu, nikamsimamisha golini, nikamwambia kijana apige mipira ya juu kutoka kona. Mpira wa tatu ukampiga begani. Hakuuliza tena.

Chukua Yeovil, klabu ndogo kule Uingereza, kwenye Kombe la FA mwaka 1949, uwanja wao wa Huish ulikuwa na mteremko kutoka upande mmoja kwenda mwingine, wao wameuzoea kama wewe ulivyozoea ngazi za nyumbani kwako, Sunderland wakaja na majina makubwa wakapigwa 2-1. Raundi iliyofuata Yeovil haohao wakaenda ugenini kwa Manchester United wakapigwa 8-0. Wachezaji ni walewale, kilichobadilika kwao ni ardhi chini ya miguu na aliyekuwa mbele yao.

Ila usije ukavuka mpaka ukaanza kuharibu uwanja makusudi ukadhani ndo ujanja. Kuna wakati niliwahi kuvuta mistari ya pembeni ndani mita mbili kila upande ili kubana mawinga wa timu ngeni, sheria za jumla zinaruhusu upana kutoka mita 45 mpaka 90 kwa hiyo nikaona sijavunja kitu. Matokeo yake aliyebanwa ni winga wetu, kijana ambaye silaha yake yote ni kukimbia na mstari, dakika tisini mpira unamtoka nje tu. Lilikuwa kosa langu na sijarudia. Uwanja uache kama wachezaji wako walivyouzoea. Tulikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama sakafu, mpira ukidunda unapanda mpaka kifuani, na mtu mmoja wa kamati akataka tulete gari la maji tumwagilie siku tatu ili "tusiaibike". Nikakataa. Vijana wetu wanafanya mazoezi kwenye huo ugumu kila siku, wanajua kusubiri mdundo wa pili. Tuliokota mawe, tukafukia mashimo mawili karibu na kona kwa usalama wa kila mtu, tukaishia hapo.

Magoli ni kitu kingine, na hapa usibahatishe. Nilienda na futi na kijiti. Kwenye milingoti urefu ulikuwa mita 2.44 sawasawa, lakini katikati ya mtambaa panya nikapata 2.39, bomba limepinda kwa sababu watoto wananing'inia pale kila jioni wakitoka shule. Sentimita tano tu utasema, lakini timu ngeni ikilalamika kwa kamishna wa mechi una shida, na zaidi ya hapo ni haki, goli liwe goli. Fundi wa kuchomelea alikata lile bomba akaweka jipya, nikakaa naye mpaka saa mbili usiku tukimulika kwa pikipiki. Nyavu tukaziba matundu kwa kamba ya nailoni. Mistari tumia chokaa, usikubali mtu akuletee oili chafu ya gari, inachoma nyasi na inaharibu nguo za vijana.

Kilichoninyima usingizi lakini ni watu.

Timu kubwa ikija kijijini, watu hawaji kuangalia mpira tu, wanakuja kuona kwa macho wale wanaowasikia redioni. Mechi moja miaka ya nyuma, klabu nyingine, kamba ilikuwa imefungwa nusu mita kutoka mstarini kwa vijiti vya muhogo, goli likaingia, umati ukasukuma, mshika kibendera akawa anakimbia juu ya miguu ya watu, refa akasimamisha mechi na mimi nilikuwa nimesimama pale sina la kufanya. Tangu siku hiyo nguzo zangu ni za mkaratusi, zinazama ardhini mpaka magotini, kamba mita tatu kutoka mstarini, kamba mbili, ya juu na ya chini, kwa sababu watoto wanapita chini. Na wazee wanakaa mbele. Hii nilijifunza kwa mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliniambia weka viti vya wazee na kina mama mstari wa kwanza, hakuna kijana wa hapa atakayemkanyaga mama wa mwenzake. Kweli, inafanya kazi kuliko polisi, ingawa polisi pia waandikie barua mapema, usingoje siku za mwisho.

Halafu miembe. Tiketi ilikuwa shilingi 5,000 na kila mwembe una vijana ishirini juu. Kuwashusha huwezi, na tawi likikatika mechi imekwisha, usiulize kitu kingine. Tuliweka mtu mmoja chini ya kila mti, kazi yake ni kuhesabu, wakifika wanane hakuna kupanda tena, na wanaokosa tunawaingiza bure upande wa mteremko. Afande mmoja akanicheka, akasema, "Sasa wewe unawalipa kwa kutokulipa?" Nikamwambia afande, hiyo ni nafuu kuliko ambulensi. Ambulensi yenyewe iwepo, iangalie njia ya kutoka, na dereva asiende kununua chapati.

Timu ngeni wapokee vizuri. Wametoka Kampala karibu kilomita 500, wamevuka Karuma wamevuka Pakwach, wape maji safi, chumba cha kubadilishia kilichofagiwa, choo chenye kufuli. Nimesikia klabu zinazowafungia wageni maji, hiyo mimi sifanyi na asiniite anayetaka hivo.

Siku yenyewe nahodha wao alishinda shilingi, akachagua mpira. Nahodha wetu akanyoosha mkono magharibi hata kabla refa hajamaliza kuuliza.

Walitufunga dakika ya 19, mpira mzuri, hatukuwa na jibu. Kipindi cha pili tukaanza kutafuta kona badala ya kutafuta goli, kocha aliwaambia hivo, nipeni kona tu. Dakika ya 71, kona kutoka upande wa miembe, imepigwa juu sana, juu kuliko kawaida. Kipa wao, kijana mrefu, alitoka vizuri hatua mbili, halafu nikaona mkono wake wa kushoto unapanda mbele ya macho, glavu imefungua, na akasimama. Beki wetu namba tano hakuruka hata, alisubiri mdundo, ukampanda kifuani akausukuma ndani kwa paja. Ule mwembe wa tatu nilidhani unaanguka. Kamba haikukatika.

Tulienda penalti tukatolewa 4-3. Kocha wao alikuja kunisalimia akaniuliza nyasi hizi tunazikata lini, nikamwambia ng'ombe ndo wanakata.

Jana nimepigiwa simu na katibu wa klabu moja ya upande wa Nebbi, wamepata timu ya Ligi Kuu, anataka namba ya mtu wa hema. Nimemwambia namba ntampa, lakini kwanza leo saa kumi na moja na nusu aende uwanjani, asimame kwenye kila goli dakika tano, atazame juu, halafu anipigie.