Tuachane na "historia huandikwa na washindi"

Kila nikieleza kwamba chanzo fulani kina upendeleo, hakosi mtu wa kunijibu, "Ndiyo hivyo, historia huandikwa na washindi." Mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba kazi imekwisha, wakati hata haijaanza. Usemi huo si kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba unampa msomaji mtu mmoja tu wa kumshuku.

Mifano ya haraka. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale ambaye bila yeye tungejua machache sana kuhusu vita vya Athens na Sparta, alikuwa jemadari wa Athens, upande ulioshindwa, tena mji wake ulimfukuza kwa sababu alichelewa kuuokoa mji wa Amphipolis. Uvamizi wa Waviking katika monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 tunaujua kwa kalamu za watawa, yaani waliovamiwa. Anayeandika ni mwenye kalamu, nafasi, na mahali pa kutunza karatasi. Pengine ndiye mshindi, pengine siye.

Marekani inataka muda zaidi. Alexander Stephens alikuwa makamu wa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga. Machi 1861, akihutubia mjini Savannah, alitamka waziwazi kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni imani kwamba mtu mweusi hawi sawa na mzungu na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Mwaka 1865 kusini ikashindwa vitani. Miaka michache baadaye Stephens yuleyule akatoa vitabu viwili vinene vyenye hoja kwamba ugomvi ulihusu katiba na mamlaka ya majimbo. Masimulizi ya namna hiyo, ya walioshindwa, ndiyo yaliyoingia kwenye vitabu vya shule vya kusini, huku vyama vya mabinti wa wanajeshi wao vikikagua kila kitabu, na vizazi kadhaa vikalelewa nayo. Ukizitazama tarehe, nia inajitokeza yenyewe. Utumwa ulipokuwa fahari ulitajwa, ulipogeuka aibu ukapewa jina jingine.

Kwa hiyo swali langu la kwanza mbele ya hati yoyote ni hili: mwandishi alihitaji nini siku alipokuwa akiandika? Kushinda au kushindwa kwake nakuangalia baadaye.

Sasa Maji Maji, vita vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani, na hapa naomba subira, maana ndipo panaponikera kuliko pote. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kwa kung'oa pamba. Gavana wa Kijerumani alikuwa Gustav Adolf von Götzen, na mashamba ya pamba ya lazima yalianzishwa chini ya utawala wake. Mwaka 1909 akachapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo. Msome kwa makini. Waganga wana nafasi kubwa, dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi ina nafasi kubwa, njama iliyofichwa ina nafasi kubwa. Pamba, kodi na viboko vinasukumwa pembeni. Ni wazi kwa nini. Kama watu walipotoshwa na waganga, hakuna wa kumuuliza gavana kuhusu sera zake. Mpaka hapo, anayeamini habari ya washindi atanipigia makofi.

Asiharakishe. Miaka ya 1960 taifa jipya lilihitaji historia yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee, kazi ambayo naiheshimu sana, kwa sababu bila hiyo sauti za Wamatumbi na Wangoni zingepotea kabisa. Wasomi wa wakati ule walimsahihisha Götzen pale alipostahili: walirudisha pamba, kodi na kazi za shuruti mahali pake. Ila na wao waliyapa maji nafasi kubwa, safari hii kama imani iliyoyaunganisha makabila mengi dhidi ya mkoloni. Gavana alitaka njama moja, taifa changa likataka umoja mmoja. Nia zimepingana kabisa, picha ikatoka ileile: vita kimoja, chenye chimbuko moja, kilichoenea kwa nguvu ya maji.

Wanafunzi hufundishwa kwamba vyanzo viwili vya mahasimu vikikubaliana, jambo hilo ni la kuaminika. Mimi kanuni hiyo siiamini tena kikamilifu. Mahasimu hukubaliana pia pale ambapo kosa moja linawafaa wote wawili. Watafiti waliorudi baadaye na kuangalia wilaya moja moja wamekuta sababu zisizofanana: hapa pamba, pale sheria za uwindaji na misitu, kwingine ugomvi wa zamani baina ya majirani. Wahehe wengi walisimama upande wa Wajerumani. Wao huwaweki wapi katika hadithi ya umoja?

Na hapo huja jibu la pili linalonichosha: "Basi hakuna ukweli, kila mtu na yake." Hapana. Pamba iling'olewa. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Agosti 1905. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanatoka 75,000 hadi 300,000, na upana huo wenyewe unakuambia ni nani aliyekuwa akihesabu na ni nani hakuhesabiwa. Chanzo chenye upendeleo hakitupwi. Kinasomwa kwa yale mwandishi aliyoyataja bila kujali: umbali wa safari, jina la jumbe, ghala lililokutwa limejaa. Hapo hakuwa na haja ya kudanganya.

Zaidi ya uongo, mimi naogopa kabati tupu. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zingeiaibisha serikali yake. Nyingi zilichomwa. Nyingine zilifichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, hadi 2011, katika kesi ambayo wazee wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya, walikuwa wameifungulia serikali hiyo mahakamani London, ndipo faili takriban 8,800 za makoloni 37 zikakubaliwa kuwa zipo. Uongo unaweza kuubana kwa ushahidi mwingine. Karatasi iliyokuwa majivu huna pa kuibana.

Nabaki na wasiwasi kuhusu wale wazee wa 1968. Walikuwa wakizungumza na vijana wasomi wa serikali yao wenyewe, miaka michache tu baada ya uhuru, na kila mmoja alijua mgeni anapenda kusikia nini. Ni kiasi gani cha umoja ule kilikuwa cha 1905 na kiasi gani cha 1968, sijapata njia ya kukipima ninayoiamini. Ninachofanya ni kuyasoma masimulizi yao kijiji kwa kijiji, na kuvipa uzito zaidi vipande ambavyo haviendani na hadithi kubwa.