Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, inajuaje inakwenda kwenye mashine gani?

Tuseme mwanafunzi wa Mikindani anataka kupima unyevu kwenye ghala la korosho. Anaandika programu kwa lugha ya C kwenye laptop yake ya Linux, anaijenga, kisha anaihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyofungwa ghalani. Akiiwasha anajibiwa “Exec format error”. Wengi hapo huanza kufumua msimbo mzima, na huo ni usumbufu wa bure. Msimbo hauna kosa lolote: programu imejengwa kwa ajili ya prosesa ya laptop (x86-64), wakati Raspberry Pi inatumia ya aina nyingine, ARM.

GCC, kompaila inayotumika sana kwenye Linux, haijui faili lako litapelekwa wapi. Inafuata jina la jukwaa ililopangiwa ilipojengwa. Andika gcc -dumpmachine ulione, kwa mfano x86_64-linux-gnu: kwanza prosesa, kisha kiini cha mfumo endeshi, mwishoni mazingira ya maktaba zake. Kwenye Windows, MinGW (GCC ya Windows) ya biti 64 hujibu x86_64-w64-mingw32, na hiyo 32 ya mwisho imewachanganya watu wengi mno. Programu inayotoka ni ya biti 64. Kwa Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64, tumia aarch64-linux-gnu-gcc; aarch64 ni ARM ya biti 64. Clang, kompaila nyingine, yenyewe huambiwa jukwaa kwa --target.

Ndani ya msimbo kuna alama za kutambulisha mfumo ambazo kompaila huziweka yenyewe. _WIN32 huwepo hata kwenye Windows ya biti 64. __linux__ huwepo hata kwenye Android, kwa hiyo ulizia __ANDROID__ kwanza. Msipuuze jambo hili: kwenye Linux ya biti 64, long (aina ya namba kamili katika C) ni baiti 8, kwenye Windows ni 4. Vipimo vilivyohifadhiwa ghalani kwa long vitasomwa ovyo kwenye kompyuta ya Windows ofisini.

Dibaga, yaani programu ya kusakia makosa, hupata jibu kutoka kwenye faili lenyewe. Faili la programu la Linux huanza na baiti 7f 45 4c 46, na mbele kidogo kuna namba ya prosesa: 62 kwa x86-64, 183 kwa ARM ya biti 64. Dibaga ya GDB ya kawaida ya laptop huenda isiifahamu 183. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, sakinisha gdb-multiarch. Kwenye Pi washa gdbserver, inayoiruhusu GDB kusaka kosa kutoka mbali, na kwenye laptop andika target remote pamoja na anwani yake. Ghala likiwa Tandahimba na mtandao upo, utasaka kosa ukiwa Mikindani.

Kabla ya kuhamisha programu yoyote, ipitishe kwenye amri ya file, inayotaja faili ni la prosesa gani. Ikitaja x86-64, usipande basi nayo; ijenge upya.