Kama hujaelewa maelezo ya dawa, usiitikie

Lugha inahusianaje na dozi ya malaria?
Sana. Dawa mseto, ALu, ina dozi 6 kwa siku 3. Ya kwanza unameza sasa, ya pili baada ya masaa 8, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mama aliyekulia Kisukuma, Kiswahili kakijulia ukubwani, anapewa dawa saa 4 asubuhi na kuambiwa "ya pili baada ya saa nane". Inapogonga saa 8 mchana anampa mtoto. Yamepita masaa 4 tu! Ilikuwa ampe saa 12 jioni. Kosa ni letu wahudumu tuliosema, lakini aliitikia.

Si imeandikwa kwenye pakiti?
Mara nyingi kwa Kiingereza. Nasi juu ya bahasha tunaandika 1x3. Nimempokea mzee aliyemeza vidonge vitatu kwa mkupuo, maana ndivyo alivyosoma. 1x3 ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Dawa ya maji nayo: kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Omba kipimo chake.

Nikisema sijaelewa, sitagombezwa?
Tafadhali, usiitikie kama hujaelewa. Foleni ikiwa ndefu, usiitikie. Muuguzi akiwa na haraka, usiitikie. Sema "sijaelewa, nirudie", kisha mweleze kwa maneno yako: nitameza vingapi, saa ngapi, siku ngapi. Ukikosea hapo dirishani utasahihishwa. Ukikosea nyumbani, hakuna wa kukusahihisha. Na anayekugombeza kwa kuuliza, yeye ndiye mwenye kosa.

Mwanangu wa darasa la tano anitafsirie?
Hapana. Mtoto ataona haya kutamka kwamba mama yake anatokwa na damu ukeni, ataliruka, nasi tutatibu tumbo. Ulizia mhudumu anayejua lugha yako, au njoo na mtu mzima unayemwamini.

Nimefika nyumbani ndipo naona sijaelewa. Nimuulize jirani?
Rudi zahanati leo hii. Jirani atakupa dozi ya ugonjwa wake. Na mtoto mwenye homa akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea bila kuzinduka, acha kusomasoma pakiti. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata usiku, hata kama dozi ya kwanza ameshameza.